Kupita Sehemu za Kubana Katika Mbio za Baiskeli za Milimani: Mwongozo Kamili

Katika mbio zangu za kwanza za baiskeli za milimani nilipoteza dakika sita nikiwa nimesimama wima. Sikupata pancha, sikuanguka, wala mnyororo haukukatika. Nilisimama tu nyuma ya watu wapatao themanini waliokuwa wakisubiri zamu ya kuingia katika ujia uliopita katikati ya miti miwili, kila mmoja ameshika baiskeli yake kwa mkono mmoja huku akichungulia mbele. Siku nzima niliwalaumu waandaaji, na lawama hiyo haikuwa ya bure kabisa. Hata hivyo, nilipotazama matokeo jioni, niliona kwamba wenzangu wawili ninaofanya nao mazoezi, ambao hawanizidi kasi hata kidogo, walikuwa wamepita pale kabla foleni haijaanza. Wao walijua kwamba ujia ule uko kilomita ya pili. Mimi nilikuwa sijui hata kama upo.

Tangu hapo nimekuja kuamini kwamba foleni nyingi za njiani huamuliwa kabla hujazifikia, na kwamba nguvu ambazo watu wengi humwaga wakiwa ndani ya ujia zingefaa zaidi zikitumika dakika tatu mapema, au hata siku tatu mapema.

Kwanza, elewa foleni inavyozaliwa

Usukani wa baiskeli ya kisasa ya milimani una upana wa takriban milimita 740 hadi 800. Waendeshaji wawili wakienda sambamba wanahitaji karibu mita moja na nusu au zaidi kwa ajili ya mikono yao tu, bila kuhesabu nafasi ya kuyumba. Ujia wenye upana wa mita moja, uliopakana na miti au mawe, kwa hiyo hauruhusu watu wawili hata wakipendana vipi. Mahali hapo mbio huacha kuwa mashindano ya kasi na kuwa mlango unaopitisha mtu mmoja mmoja.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme washindani 300 wanafika kwenye mdomo wa ujia ndani ya dakika tatu, yaani mia moja kwa kila dakika, na kwamba ujia unapokea mtu mmoja kila baada ya sekunde mbili, yaani thelathini kwa dakika. Wa mwisho, ambaye angepaswa kuingia dakika ya tatu, ataingia dakika ya kumi. Amesubiri dakika saba. Aliye nafasi ya mia anasubiri dakika mbili na sekunde ishirini. Ukigawanya, utaona kwamba kila nafasi moja katika foleni hiyo ina thamani ya sekunde 1.4, kwa hiyo mtu aliyejisogeza nafasi ishirini mbele kabla ya kuufikia mdomo amejipatia karibu nusu dakika bila kukanyaga pedali kwa nguvu zaidi ndani ya ujia wenyewe. Hali ikiharibika, mtu mmoja akashuka na wote walio nyuma yake wakalazimika kusukuma, ujia utapitisha mtu mmoja kila baada ya sekunde nne hivi. Hapo thamani ya kila nafasi hupanda hadi sekunde 3.4, na wa mwisho atasubiri dakika kumi na saba.

Hesabu hii ina tokeo jingine ambalo wengi hawalitambui. Mbano wa kwanza huwa chujio la ule unaofuata. Ukishapitisha watu thelathini kwa dakika, mbano wa pili wenye uwezo uleule hautazalisha foleni, kwa sababu watu wanawasili wakiwa wamekwisha kutawanyika. Foleni ya pili hutokea tu ikiwa mahali hapo ni pagumu zaidi kuliko pa kwanza, au ikiwa katikati kuna barabara pana iliyowapa watu nafasi ya kujikusanya upya. Ndiyo maana huhitaji kuogopa kila sehemu nyembamba iliyoonyeshwa kwenye ramani: tafuta ile ya kwanza, kisha tafuta iliyo ngumu kuliko zote.

Hatua ya kwanza: isome njia ukiwa nyumbani

Chukua ramani ya njia pamoja na mchoro wa miinuko, kisha pima umbali kutoka mstari wa kuanzia hadi mahali pa kwanza ambapo barabara inageuka kuwa ujia. Umbali ukiwa chini ya kilomita moja, safu utakayosimama ndiyo itakayoamua karibu kila kitu. Ukiwa kilomita tano au zaidi, na hasa ikiwa katikati kuna mlima mpana wa kutosha kuwapanga watu kulingana na uwezo wao, unaweza kuanza kwa utulivu zaidi, kwani mlima mpana ni chujio la haki kuliko mengine yote.

Baada ya hapo weka alama mahali penye dalili za kubana: daraja la mbao, kivuko cha kijito, lango la shamba, kona kali chini ya mteremko, mlima mfupi wenye mizizi, kituo cha maji kilichowekwa mara baada ya ujia, na makutano ambapo washindani wa masafa mafupi wanaunganishwa na wale wa masafa marefu. Hayo makutano husahauliwa mno. Mtu anaweza kuwa amesafiri peke yake kwa saa mbili, kisha akajikuta ghafla nyuma ya watu mia walioanza baadaye na wanaokwenda kwa mwendo mwingine kabisa.

Njia ya kwenda na kurudi nayo ina shida yake. Leadville Trail 100 ya Colorado, Marekani, inayofanyika tangu 1994, ni mfano unaojulikana sana: washindani hupanda Columbine hadi kimo cha karibu mita 3,800, kisha hugeuka na kushuka kwa njia ileile. Sehemu ya juu ina mawe yaliyolegea na mwinuko mkali, na wengi hutembea wakisukuma baiskeli. Wakati huohuo waliokwisha kugeuka wanateremka kwa kasi wakiwaelekea. Katika njia ya namna hiyo anayesukuma hana uhuru wa kujitanua kutafuta nafasi, kwa kuwa upande wa pili si wake.

Hatua ya pili: nenda ukapaone kwa macho

Ramani hukuonyesha mahali; haikuonyeshi jiwe. Ikiwa njia imefunguliwa kwa mazoezi, nenda ukapitie kila mbano ulioutia alama, na ukifika shuka utembee. Usitazame mstari mzuri peke yake, kwa maana siku ya mashindano mstari huo utakuwa umejaa watu. Tafuta mstari wa pili, ule mbaya ambao hakuna anayeutaka lakini unapitika, kisha uupite mara tatu au nne mpaka mwili uuzoee. Angalia pia mahali ambapo mtu wa kawaida atashindwa: mzizi uliolala mshazari, ngazi ya jiwe inayofika nusu ya gurudumu, mchanga uliokusanyika kwenye kona. Hapo ndipo foleni itakapoanzia, na watu watasimama kuanzia hapo kurudi nyuma.

Jambo dogo ambalo limeniokoa mara nyingi ni kuchagua mapema mahali pa kushukia. Ikiwa mlima una mita arobaini na unajua kwamba huwezi kuumaliza ukiwa juu ya baiskeli hata njia ikiwa tupu, amua kabla ya siku hiyo kwamba utashuka kwenye mti fulani, mita tano kabla ya mzizi, ukiwa bado na kasi. Anayeshuka kwa hiari yake huendelea kutembea. Anayeshuka kwa kushindwa husimama kwanza, huyumba, pengine huanguka, na wote walio nyuma yake husimama pamoja naye.

Hatua ya tatu: simama mahali panapokufaa mstarini

Katika ngazi ya juu kabisa suala hili ni zito kiasi kwamba kanuni zimewekwa kwa ajili yake. Kwenye Kombe la Dunia la Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, washindani huitwa mstarini mmoja mmoja kwa kufuata viwango vyao, na tangu 2018 mbio fupi za mzunguko zimeongezwa ambazo matokeo yake huamua nani atasimama safu za mbele katika mbio kuu. Kwenye mbio hizo za mizunguko kuna pia kanuni ya asilimia 80: mshindani aliyeachwa na kiongozi kwa muda unaofikia kiasi hicho cha mzunguko wa kwanza wa kiongozi huyo hutolewa njiani. Aliyekwama nyuma katika mzunguko wa mwanzo, kwa hiyo, anaweza kutolewa kabla hajapata nafasi ya kufidia muda alioupoteza.

Mbio za umma zina taratibu zake. Birkebeinerrittet ya Norwei huwaanzisha washindani kwa mikupuo kulingana na matokeo yao ya awali, na Megavalanche ya Alpe d'Huez, Ufaransa, ambayo huanzia kwenye barafu ya Pic Blanc katika kimo cha mita 3,300, hutumia mbio za mchujo kupanga safu. Mahali penye utaratibu wa aina hii, kazi yako ni kutuma matokeo yako ya awali mapema na kwa ukweli. Mahali pasipo na utaratibu, anayefika kwanza ndiye anayesimama mbele. Pasha mwili moto mapema, kisha ingia eneo la kuanzia dakika ishirini kabla, badala ya kuendelea kuzunguka ukiwa na mapigo ya moyo mazuri na nafasi ya mia mbili.

Nitasema wazi jambo ambalo watu hawapendi kulisikia. Kusimama mbele ya watu wanaokuzidi sana ni kosa kubwa kama kusimama nyuma ya wale unaowazidi. Ukianza safu ya pili huku uwezo wako ni wa safu ya kumi, utafika mdomoni na kundi lisilo lako, utaingia ujiani ukiwa umeishiwa pumzi, na wewe ndiwe utakayekuwa mbano wa wengine. Jiulize ulimaliza nafasi ya ngapi mwaka uliopita, ongeza mbele kidogo kwa ajili ya matumaini, halafu simama hapo.

Ukiwa mstarini, weka gia utakayoweza kuisukuma ukiwa umesimama lakini isiyokuwa nzito kiasi cha kukuyumbisha. Chagua pia upande. Ikiwa kona ya kwanza inapinda kulia, kundi litabanwa ndani, yaani kulia, na wale wa nje watazunguka njia ndefu zaidi lakini wakiwa na mwendo. Mara nyingi upande wa nje ndio usiokwama sana.

Hatua ya nne: tumia nguvu kabla ya mdomo

Rudi kwenye ile hesabu ya sekunde 1.4 kwa kila nafasi. Kwenye barabara pana, kupita watu ishirini kunahitaji pengine dakika moja au mbili za kukanyaga kwa nguvu kupita mwendo wako wa kawaida. Ndani ya ujia, watu ishirini haohao watakugharimu maombi ishirini, vishindo ishirini vya kuongeza kasi, na angalau kuingia vichakani mara mbili. Kwa hiyo pandisha juhudi mapema, kisha shusha kidogo mita mia mbili hivi kabla ya mdomo ili uingie ukiwa unaona vizuri na mikono haitetemeki.

Katika mita hizo za mwisho kaza nafasi yako. Usimgonge mtu wala usimsukume, ila weka viwiko nje kidogo, shika mstari ulionyooka, na usiache pengo la gurudumu zima, kwani mtu atajaza pengo hilo na kukulazimisha kufunga breki. Badilisha gia kabla hujafika, wakati pedali bado ni nyepesi. Nimeona minyororo mingi ikiruka papo hapo mdomoni kwa sababu mtu alibadilisha gia tatu kwa mpigo huku amebeba uzito wote mguuni, na baiskeli moja iliyolala kwenye mdomo wa ujia inatosha kuuziba.

Ndani ya ujia

Ukishaingia, tabia inabidi ibadilike. Wa mbele akigusa breki kidogo, wa pili atagusa zaidi, wa tatu zaidi ya hapo, na mtu wa kumi na tano atakuwa amesimama kabisa ingawa mbele hakuna lililotokea. Dawa yake ni pengo: acha urefu wa baiskeli moja au moja na nusu kati yako na wa mbele, utazame juu ya bega lake badala ya kutazama gurudumu lake, na umeze mabadiliko yake ya kasi ndani ya pengo hilo bila kugusa breki. Kwenye milima pengo lina kazi nyingine, kwa sababu wa mbele akikwama unapata sekunde moja ya kuchagua mstari wa pili. Aliyebandika gurudumu lake kwa la mwenzake hana cha kuchagua.

Kupita mtu ni suala la lugha kwanza, nguvu baadaye. Sema mapema, kwa sauti iliyo wazi isiyo ya ukali, na utaje upande: "Napita kushoto, ukipata nafasi." Kisha subiri. Yeye ndiye anayeona mbele, na kanuni za shirikisho la kimataifa zinamtaka ampe njia aliye na kasi zaidi bila kumzuia. Hazimtaki ajitupe kichakani. Ukipewa nafasi, pita haraka na ushukuru. Mkiwa watatu mnaofuatana, mwambie, ili asirudi njiani na kumgonga wa pili.

Wewe ukiombwa njia, taja mahali: "Baada ya kona." Neno hilo linamtuliza aliye nyuma kuliko kimya, na linakupa muda wa kuchagua mahali ambapo hutapoteza mwendo.

Mlimani, mtu wa mbele anaposhuka

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mbele yako mtu amekanyaga chini. Kama una pengo na unaujua mstari wa pili, ita mara moja na uuchukue bila kusita. Kama huna, shuka mara moja. Usijaribu kusimama juu ya baiskeli ukingoja apate mwendo, maana karibu kila mara utaanguka kando.

Mimi mwenyewe niliwahi kuanguka namna hiyo kwenye ujia uliokatwa ubavuni mwa kilima. Nilichomoa kiatu kimoja, vile vinavyonasa kwenye pedali, na kutafuta ardhi kwa mguu wa upande wa bondeni. Ardhi haikuwepo pale nilipoitegemea. Nilibiringika taratibu, nikiwa nimeshikamana na baiskeli kwa kiatu cha pili, huku watu watatu walio nyuma yangu wakinitazama kwa huruma iliyochanganyika na hasira. Tangu siku hiyo, kwenye ubavu wa kilima hushukia upande wa juu daima, ambako ardhi iko karibu na mguu.

Ukishashuka, weka baiskeli upande mmoja wa mwili wako na utembee upande mwingine, ukiacha sehemu inayopitika kwa anayeendesha. Kanuni za mashindano nchini Marekani, na desturi ya kwingineko, humpa haki ya njia anayeendesha mbele ya anayesukuma. Anayesukuma anaweza kumpita anayeendesha mradi asimzuie. Kwenye mwinuko mkali, shika usukani kwa mkono mmoja na tandiko kwa mwingine, uinue gurudumu la nyuma juu ya ngazi za mawe badala ya kulikokota. Usipande tena mara tu mwinuko unapolegea: endelea kutembea hatua tatu au nne hadi mahali palipo tambarare kweli, panda ukiwa na gia nyepesi, na uwe wa kwanza kuondoka huku wengine wakihangaika kunasisha viatu.

Foleni ikisimama kabisa

Kunywa maji. Kula. Tazama tairi, kaza kilicholegea, punguza mapigo ya moyo. Huu ndio wakati pekee wa mashindano ambapo kula hakukupunguzii kasi, na bado wengi huutumia kupiga kelele kuelekea mbele, kana kwamba aliye nafasi ya kwanza ya foleni amesimama kwa kupenda. Pokezana taarifa na wenzako: aliyeanguka ameumia? Kama ameumia, foleni ina kazi moja tu, kumpa nafasi na kupeleka habari nyuma ili mtu asije kwa kasi kwenye kona.

Usikate njia. Kanuni za kimataifa zinataka anayetoka njiani arejee kati ya alama zilezile mbili alipotokea, na mbali na adhabu, kila anayezunguka foleni kupitia majanini anapanua ujia na kuharibu udongo ambao waandaaji waliomba ruhusa kuutumia. Ikiwa mnashindana wawili wawili, kama ilivyo katika Cape Epic ya Afrika Kusini tangu 2004, ambapo wenza hawapaswi kuachana kwa zaidi ya dakika mbili, ingieni mdomoni mkiwa mmefuatana bila mtu kati yenu. Watu thelathini wakiingia katikati penye kusukuma, kwa hesabu ya mtu mmoja kila sekunde nne, dakika hizo mbili zimekwisha.

Baada ya mashindano

Malalamiko ya jumla kwamba "njia ilikuwa na foleni" hayamsaidii mwandaaji. Fungua kumbukumbu ya kifaa chako, tafuta mahali ambapo kasi ilishuka hadi sifuri, kisha andika kilomita, saa uliyofika, muda uliosimama, na kilichosababisha: mzizi, lango, kituo cha maji, makutano. Pendekeza dawa inayolingana na chanzo. Mdomo ulio karibu mno na mwanzo unahitaji mzunguko wa ziada kwenye barabara pana au mikupuo iliyotenganishwa kwa dakika kadhaa. Katika mfano wetu, watu 300 wakigawanywa katika mikupuo mitatu ya mia mia, kwa kuachiana dakika nne, muda mrefu zaidi wa kusubiri hushuka kutoka dakika saba hadi dakika mbili na sekunde ishirini. Mlima unaowashusha wengi unahitaji mstari wa pili uliowekwa alama, na msimamizi anayesimama chini yake, si juu, akiwaelekeza wanaosukuma upande mmoja. Kituo cha maji kihamishwe mita mia moja mbele, mahali ambapo watu wanaweza kusimama watano kwa mstari. Tuma ujumbe huo ndani ya wiki ya kwanza, wakati waandaaji bado hawajaanza kuchora njia ya mwaka unaofuata.